Mtama wa Muda Mfupi: Somo kwa Wakulima wa Singida



Maneno haya yalisemwa kwanza katika redio, na sasa yamepigwa chapa ili yakae nyumbani mwako. Aliyeyasikia ayasome tena, na yule ambaye betri zilimwishia katikati ya somo asikose yaliyobaki. Kama katika kikundi chenu yuko mmoja tu ajuaye kusoma vizuri, na awasomee wenzake polepole, akisimama kila penye tarehe na kila penye hesabu, maana leo hesabu ndizo zenyewe somo.

Tutazungumza habari za mtama wa muda mfupi, na hasa aina moja iitwayo Macia, ambayo wengi wetu hutamka Masia. Mbegu hii ilitokana na kazi ya watafiti wa mtama huko Matopos, nchini Zimbabwe. Msumbiji ndiko ilikoanza kuruhusiwa kwa wakulima, mwaka 1989, kisha ikaruhusiwa hapa Tanzania mwaka 1999. Basi si mbegu ya jana. Wako watu wa Ikungi, Manyoni na Iramba wanaoijua kuliko mimi, na wako wengine walioipanda mara moja, wakapata hasara, wakaapa kwamba hawairudii tena. Somo hili limeandikwa zaidi kwa ajili ya hao walioapa.

Kwanza tuutazame mtama wetu wa asili, ule wa babu zetu, mrefu kuliko mtu aliyepanda punda. Tuuheshimu, maana umewalisha Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo tangu kale. Tena una akili yake. Aina nyingi za mtama huo hazihesabu siku tangu zilipopandwa, bali hufuata urefu wa mchana. Hapa kwetu mchana huwa mrefu kuliko siku zote mnamo tarehe 21 au 22 Desemba, kisha huanza kupungua kidogo kidogo. Tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwetu ni kama nusu saa tu, wala mimi na wewe hatuitambui. Lakini mtama huitambua. Kwa hiyo ukiupanda mwishoni mwa Novemba au katikati ya Desemba, utatoa masuke karibu wakati ule ule, mchana ukiisha kufupika vya kutosha. Hukomaa mvua ikiwa imekwisha, na punje zake hukauka katika jua safi bila kushikwa na kuvu. Ndiyo maana wazee walipanda mvua ya kwanza tu ilipogusa udongo, wala hawakujutia.

Walakini mtama huo wataka miezi mitano, na pengine sita. Nasi mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukatika katikati, mara nyingi mwezi wa Februari, hurudi Machi, na hukoma Aprili. Mvua ikichelewa mpaka Januari, au ikaisha Machi, mtama wa miezi sita hubaki na mabua mazuri yasiyo na kitu. Mahindi nayo hali yao ni mbaya zaidi, kwa sababu huchanua upesi, na jua la Februari likiyakuta yamechanua, gunzi huota meno mawili matatu kama mzee wa miaka 90. Waliokuwapo mwaka 1974 wanakumbuka jinsi ukame ulivyotuweka katika foleni za unga wa msaada, hata Serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona.

Sasa tuutazame Macia wenyewe. Bua lake ni fupi, kama mita 1.3 hadi 1.5, kwa hiyo mtu mzima akisimama katikati ya shamba huona mwisho wake. Suke ni nene na lenye kushikamana, punje ni nyeupe. Huchanua kama siku 60 hadi 65 baada ya kuota, na hukomaa kama siku 105 hadi 115, ikitegemea joto na mvua ya mwaka huo. Majani yake hukaa mabichi hata punje zinapokuwa zimekauka, na jambo hili lina faida mbili: punje huendelea kujazwa ijapokuwa mvua imepungua, na baada ya kuvuna ng'ombe hupata malisho yenye maana kuliko mabua makavu ya mtama mrefu.

Ukisaga, unga ni mweupe, na ugali hauna ule ukakasi wa mtama mwekundu. Watoto huula bila kubembelezwa. Hata mama ambaye mume wake amezoea unga wa mahindi wa dukani aweza kumpakulia ugali huu pamoja na mlenda, wala asisikie manung'uniko.

Kama sifa zingekuwa hizo tu, tungemaliza somo sasa hivi. Lakini mbegu haina hila ya kutosha kuwa na sifa bila ila. Bua fupi halifai kujengea uzio, wala halitoshi kuwa kuni za kupikia. Macia pia haustahimili sana kiduha, yale magugu yenye maua mekundu au ya zambarau yanayonyonya mtama kutoka mizizini. Ikiwa shamba lako lina kiduha kingi, ulizia aina za Hakika na Wahi, zilizoruhusiwa hapa nchini mwaka 2002. Zilitokana na kazi ya mtaalamu wa Kiethiopia, Gebisa Ejeta, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa utafiti wake wa mtama. Hayo ni madogo. Makubwa ni mawili, nayo ni tarehe na ndege.

Tarehe kwanza. Macia haufuati urefu wa mchana, bali hufuata siku zake. Hapo ndipo desturi yetu njema ya kupanda na mvua ya kwanza inapogeuka kuwa kosa. Chukua kalamu, au chora chini kwa kijiti. Tuseme mbegu zimeota tarehe 25 Novemba. Siku 65 zitatufikisha tarehe 29 Januari, nao mtama utachanua. Siku 110 zitatufikisha tarehe 15 Machi, nao utakuwa umekomaa. Lakini Machi kwetu ni mwezi wa mvua! Suke lililoshikamana likinyeshewa siku baada ya siku hushika kuvu, punje hugeuka nyeusi, na nyingine huota hapo hapo juu ya bua. Unga wake una uchungu, na mnunuzi huurudisha.

Tuseme tena, mbegu zimeota tarehe 10 Januari. Siku 65 zitatufikisha tarehe 16 Machi, mvua ikiwa imerudi. Nao mtama utachanua ukiwa na maji miguuni. Siku 110 zitatufikisha tarehe 30 Aprili, mvua ikiwa imekoma au yakoma. Hesabu hii ni nzuri. Katikati yake, mbegu ziotazo tarehe 20 Desemba huchanua tarehe 23 Februari, penye hatari ya kiangazi kile cha katikati, na hukomaa tarehe 9 Aprili. Wako wanaofaulu kwa tarehe hiyo, hasa penye udongo wa mbuga unaoshika maji. Penye kichanga mimi nisingethubutu.

Je, basi tungoje mpaka mwisho wa Januari? Hapana. Mtama ulioota kwa kuchelewa sana hushambuliwa na inzi wa mche, ambaye funza wake huua kile kijani cha katikati hata ukakivuta kwa vidole kikatoka kama kamba iliyooza. Naye mkulima aliyechelewa huwa amebanwa na palizi la shamba jingine. Nionavyo mimi, katika sehemu nyingi za mkoa huu, siku za mwisho za Desemba na juma mbili za kwanza za Januari ndizo za Macia. Bwana Shamba wa kata yako aijuaye mvua ya kwenu aweza kusogeza tarehe mbele au nyuma, nawe umsikilize. Faida kubwa ni hii, kwamba una nafasi ya kupanda kwanza uwele, alizeti na ule mtama wako wa asili, kisha ukarudi kwa Macia jembe likiwa bado lina makali.

Katika kupanda, kilo 4 za mbegu zatosha ekari moja. Mistari iachane sentimeta 75, na shimo hadi shimo sentimeta 30. Mbegu isifukiwe zaidi ya urefu wa vifundo viwili vya kidole. Baada ya juma mbili au tatu, udongo ukiwa na maji, ng'oa miche iliyozidi ubakize miwili kila shimo. Ekari itakuwa na miche kama 36,000. Najua ya kuwa kung'oa kitu kilichoota kwauma. Mama mmoja aliniambia ni kama kumnyima mgeni chakula. Lakini miche mitano katika shimo moja itagawana maji ya mmoja, na utavuna masuke matano kama mkia wa panya. Mwenye samadi aitie, maana mkoa huu una ng'ombe wengi, na mazizi mengine yana samadi ya miaka mitano isiyoguswa. Mwenye nguvu afunge matuta kwa vizuizi vidogo kila baada ya hatua chache, ili mvua ikinyesha maji yabaki shambani yasikimbilie korongoni.

Sasa tuje kwa ndege. Hapa naomba msomaji wa kikundi apumue kwanza.

Mwaka mmoja jirani yangu alipata mbegu ya Macia ya kutosha ekari moja. Alikuwa mtu wa bidii. Alipanda kwa mistari, akapalilia mara mbili, akapunguza miche. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyepanda mbegu ile. Mtama wake ulitoa maziwa wakati mitama mingine yote ilikuwa bado majani matupu. Tulipita njiani tukausifu. Kisha wakaja kweleakwelea. Kwa juma la kwanza alikaa shambani yeye na mke wake tangu alfajiri. Juma la pili aliwatoa watoto wawili shuleni wamsaidie. Juma la tatu mmoja wa watoto akashikwa na homa, na siku mbili shamba likakosa mtu asubuhi. Alivuna madebe mawili. Watoto walirudi shuleni wakakuta wenzao wamefika mbali katika hesabu, na yule mkubwa hakupenda tena kurudi. Mwaka uliofuata jirani yangu alipanda mtama mwekundu kama baba yake, na ukimtajia Macia hutema mate.

Nilifikiri sana juu ya jambo lile. Kosa halikuwa la mbegu, wala halikuwa la uvivu. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za punje kwa siku. Wakishuka 10,000, ambalo kwao ni kundi dogo, wataondoa kilo 100, yaani gunia zima, kila siku ya Mungu. Kundi hilo likigawanyika juu ya ekari 100 zenye maziwa kwa wakati mmoja, kila mwenye shamba hupoteza kidogo kidogo, wala haoni njaa. Likishuka lote juu ya ekari moja ya mtu mmoja, amekwisha. Jirani yangu alikuwa karamu pekee katika nchi yenye wageni wengi.

Tena mtama mwekundu una ule ukakasi, nao ndege huuepuka wakiwa na kitu kingine cha kula. Hii si habari mpya. Mtama wa Serena, uliotengenezwa Serere nchini Uganda chini ya mtaalamu Hugh Doggett, ulikuwa wa muda mfupi pia, lakini punje zake zilikuwa za kahawia na chungu kwa makusudi ya kuwashinda ndege. Ukaepukwa na ndege kweli, na watu pia wengi wakaukunjia uso. Macia ni mtamu kwa watu, kwa hiyo ni mtamu kwa ndege. Mtu akikuuzia mtama mweupe akisema ndege hawaugusi, mrudishie mfuko wake.

Kwa hiyo mbegu hii si ya mtu mmoja. Ni ya kitongoji. Kabla ya Desemba kwisha, wenye mashamba yaliyopakana wakutane, wahesabiane ekari zao, waamue juma moja la kupanda. Asiwepo mjuaji wa kutangulia juma tatu, wala mvivu wa kufuata juma tatu nyuma. Maana anayetangulia huwafundisha ndege njia, na anayechelewa huwangojea. Mashamba yakiwa pamoja, madungu machache yatosha watu wengi. Kazi ya kuamia ndege hasa ni ya siku kama 30, tangu maziwa yaanze hadi punje iwe ngumu isiyopasuka kwa ukucha; na katika siku hizo saa zenye vita ni mbili au tatu za asubuhi, na mbili au tatu za jioni. Kaya 10 zikipeana zamu, kila kaya itatoa mtu mzima siku 3 kwa kila dungu. Sioni hapo sababu ya mtoto kukosa shule.

Mkiona ndege wanajenga viota kwa maelfu katika miiba au matetewanga ya karibu, msingoje. Pelekeni habari ofisi ya kata siku ile ile, mkitaja mahali na ukubwa wa eneo, kwa sababu ndege ya kunyunyizia dawa haiwezi kuja katika siku moja, na kundi likiisha kuruka hakuna cha kunyunyizia. Tena ikiisha kunyunyizia, kweleakwelea waliookotwa chini wasiliwe. Najua ni kitoweo. Lakini wale wamekufa kwa sumu.

Neno la mifugo, nalo ni fupi lakini limekwisha kuua ng'ombe wengi. Nimesema ya kuwa mabua ya Macia ni malisho mazuri. Ndiyo, mabua yaliyokomaa. Lakini visiki vikichipua tena baada ya mvuno, au miche michanga ikinyauka kwa jua, majani hayo yana sumu ya sianidi. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo asubuhi aweza kuanguka kabla ya saa sita. Fungieni ng'ombe nje mpaka chipukizi zipite urefu wa goti na zaidi, au zikatwe zikaushwe kabisa juani.

Sasa mbegu ya mwaka ujao. Macia si chotara, kwa hiyo hulazimiki kununua kila mwaka. Lakini mtama huchanganyika kidogo kwa chavua ya jirani, na kila mwaka utaona mashina marefu yasiyo ya ukoo yamejitokeza. Yang'oe kabla hayajachanua. Kisha, kabla ya kuvuna, pita katikati ya shamba, si pembezoni, ukafunge utepe au kamba kwenye masuke yaliyo mazuri na yenye afya. Suke lenye unga mweusi badala ya punje lina fugwe. Liondoe ulichome, wala usilipige pamoja na mengine, kwa kuwa unga ule hushika punje safi na kukungoja shambani mwakani. Masuke ya mbegu yapigwe peke yake, yakauke sana, yahifadhiwe mbali na fukusi. Baada ya misimu mitatu hivi nunua mbegu mpya, ya mfuko wenye lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, au ya kikundi cha jirani kinachozalisha mbegu za ubora wa kuazimiwa.

Wengi wameuliza, je, tuache kabisa mtama wa asili? Nitasema wazi kwamba mimi siachi. Mwaka wenye mvua ndefu mtama wa asili hunipa mabua, kuni na punje zisizo na kuvu; mwaka wa mvua fupi Macia hunipa chakula. Nani kati yetu ajuaye mwezi wa Novemba ni mwaka wa namna gani? Napanda nusu kwa nusu, na penye wasiwasi naongeza uwele. Bwana Shamba mmoja tuliyebishana naye alitaka nipande Macia tupu, kwa kuwa wanunuzi wanataka punje nyeupe za namna moja. Hakukosea kuhusu wanunuzi. Ila yeye hulipwa mwisho wa mwezi.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo ni hii. Kila mmoja ahesabu punje 100 za mbegu anayokusudia kupanda, asichague. Azipange juu ya kitambaa kilicholowa, akikunje, akiweke mahali penye joto pasipo jua kali, akinyunyizie maji kila siku kisikauke. Siku ya tano akifungue na kuhesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiwa kati ya 50 na 80, aongeze punje katika kila shimo. Zikipungua 50, mbegu hiyo ipikwe uji, kama haikutiwa dawa, naye atafute nyingine mapema. Majibu ya kila mtu yaandikwe katika daftari la kikundi pamoja na ekari zake, na chini yake iandikwe tarehe moja ya kupanda ambayo wote wenye mashamba ya Macia yaliyopakana wameikubali.